Nani Ana Haki ya Kufunga Njia?

Swali langu ni hili: watu wanaoishi kando ya njia wakikubaliana wote kuifunga, je, wana haki hiyo? Nasema wote, bila hata mmoja kupinga. Maana kama mmoja wao anakataa, kesi inakuwa nyepesi, tutasema wengi wamemwonea mmoja na tutaenda kulala. Mimi nataka kesi ngumu.

Na hili si swali la vitabuni. Katika bloki ninayoishi, hapa Kakuma 1, kuna njia inayopita katikati ya nyumba kumi na moja. Inaanzia upande wa bomba la maji, inatokea upande wa barabara ya soko. Ni nyembamba, wilbaro mbili hazipishani. Tangu kiangazi kilichopita wenye nyumba hizo wanataka kuweka uzio wa miiba upande wa bomba na geti la mabati upande wa barabara. Geti lingekuwa na ufunguo wao. Uzio ungebaki hapo mchana na usiku. Pesa ya mabati na bawaba wameshachanga. Kilichobaki ni sisi wengine, tunaokaa nyuma yao na kupita hapo kila siku, tukubali au tunyamaze.

Kabla hujawaita wabinafsi, sikiliza sababu yao. Mwaka huu watu wasiojulikana wamepita njia hiyo usiku na kuingia nyumba tatu. Mama mmoja, mjane, alivunjiwa mlango akiwa ndani na wajukuu wawili. Walichukua simu, paneli ya sola na chakula cha mgao kilichokuwa hakijamaliza hata wiki. Kwenye mkutano alisimama akasema: "Ninyi mnatetea njia. Mlango wangu ulitetewa na nani?" Mtu akikuuliza hivyo huwezi kumjibu kwa nadharia. Au ukitaka kumjibu kwa nadharia, lazima nadharia yenyewe iweze kusimama usiku mbele ya mlango ule. Nimekuwa nikiitafuta hiyo nadharia miezi kadhaa sasa.

Tuanze na njia zenyewe, zilikotoka. Kambi hii ilianza mwaka 1992 kwa ajili ya vijana na watoto waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Kila vita vilivyofuata viliongeza kipande. Kakuma 2, Kakuma 3, halafu Kakuma 4 mwaka 2014, baada ya vita vya Sudan Kusini kulipuka Desemba 2013. Mwaka 2016 ikafunguliwa Kalobeyei, upande wa magharibi, kwenye ardhi ya hekta kama 1,500 iliyotolewa Turkana. Leo zote pamoja zina watu karibu 300,000. Ukitembea kutoka huku kwetu mpaka Kalobeyei unapita ndani ya kalenda ya vita vya Afrika Mashariki na Kati, kila mtaa na mwaka wake.

Lakini unapita pia ndani ya historia ya vijia. Mashirika hupanga kambi kwa mwongozo unaoitwa Sphere. Humo imeandikwa kwamba kila mtu apate mita za mraba 45, tukihesabu na barabara na huduma nyingine, na kwamba kila baada ya mita 300 za nyumba kuwe na mita 30 wazi ili moto usiruke. Kwenye karatasi nafasi ipo. Halafu malori yanaleta wageni. Mtu anampokea shemeji yake, jiko linasogezwa mbele kidogo, uzio unalifuata jiko. Mathenge inaota popote, ukikata matawi yake una ua wa miiba kwa nusu siku. Msimu wa pili jirani wa upande wa pili naye anasogea, kwa sababu kwa nini yeye abaki nyuma? Njia ya kupitisha lori inakuwa ya kupitisha boda, ya boda inakuwa ya mguu, ya mguu inakuwa ukuta. Hakuna siku hata moja ambayo mtu aliamua kuifunga. Ukimtafuta mkosaji humpati.

Kwa hiyo nasema geti la bloki yetu lina faida moja: limekuja kama swali. Njia nyingine zilikufa bila kuulizwa.

Kuna namna rahisi ya kupima mambo haya, na hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Simama mahali njia zinapokutana, hesabu zinazotoka hapo. Zikiwa nne una chaguo kubwa. Zikiwa tatu si mbaya. Ikiwa ni moja tu, ile uliyokujia, umefika mwisho, geuka urudi. Watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walifanya hesabu hiyo kwa Marekani nzima na kuichapisha mwaka 2015. Walifuatilia barabara za karibu karne moja. Waliona kwamba kwa miongo mingi mitaa mipya ilizidi kujengwa kwa njia zisizotokea, mpaka katikati ya miaka ya 1990 ilipofika kilele, kisha polepole wajenzi wakaanza kurudi kwenye njia zinazoungana. Mwaka 2020 wakatoa hesabu ya dunia, wakitumia OpenStreetMap, ile ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwa ujumla, tangu mwaka 1975 dunia imekuwa ikielekea kwenye mitaa iliyofungika zaidi.

Wamarekani hawakujifungia kwa ubaya. Walitaka utulivu: gari la mtu baki lisipite mbele ya nyumba, watoto wacheze. Hata idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba, miaka ya 1930, iliwashauri wajenzi waache mitaa ya mistari inayokatana. Matokeo yake ni kwamba mtu anaona paa la jirani yake nyuma ya ua, lakini kumfikia lazima azunguke na gari. Mji unatawanyika kwa njia mbili, kwa nyumba kwenda mbali na kwa njia kukatika katikati ya nyumba zilizo karibu. Hii ya pili haionekani ukiangalia kutoka angani. Inaonekana kwa miguu.

Na sisi ni watu wa miguu. Wao walifunga wakiwa na gari la kuzungukia. Mwongozo ule ule wa Sphere unasema bomba la maji lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani. Sawa, lakini mita 500 za nani? Za kunguru, au za mama mwenye jerikeni ya lita 20 kichwani? Kutoka nyumba za nyuma mpaka bomba letu leo ni dakika nne. Nimeizunguka ile njia nyingine, inayopita barabara kubwa na kuvuka laga, mara mbili, kwa mwendo wangu wa kawaida bila mzigo: dakika kumi na tano. Na laga ikijaa hakuna dakika ya kuhesabu, unakaa upande wako unasubiri maji yapungue. Bomba halitasogea hata hatua moja, na kwenye ripoti ya mtu bado litakuwa mita zile zile.

Kitu kilichonishika zaidi kwa watafiti wale ni kingine. Nyumba hubomolewa, biashara hubadilika, wenyeji huhama, lakini njia ikishawekwa huwa haibadiliki kirahisi. Maamuzi ya watu wachache wa mwaka mmoja yanawabana watu ambao hawajazaliwa. Mimi jambo hilo nililijua kabla sijasoma utafiti wowote, maana mimi ni mtu wa Bukavu.

Bukavu Wabelgiji waliiita Costermansville. Walijijengea chini, kwenye rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole, na watu weusi wakawekwa juu, Kadutu. Mitaa ya juu ilikuwa na ngazi na mitaro kati ya parseli, ukitaka kushuka sokoni unachagua. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wa vijijini walikimbilia mjini, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kijijini palikuwa hapalaliki. Parseli moja ikawa nne. Nyumba zikapanda mlima mpaka mahali ambapo hata mbuzi hushika majani ili asianguke. Radio ilisema kila siku "ujenzi wa anarshiki, ujenzi wa anarshiki", sisi tukawa tunacheka, kwa sababu huo anarshiki ndio ulikuwa unatulaza.

Usiku mmoja avenyu yetu ikaungua. Gari la zimamoto lilifika, huo ndio ukweli, sikuwalaumu siku ile na siwalaumu leo. Lilisimama chini barabarani likiwasha taa zake, tunaliona. Ngazi iliyopaswa kuwaleta na mipira yao ilikuwa imejengwa jiko. Watu wakapitisha maji kwa mabidoni, mkono kwa mkono, kwenye upenyo wa mtu mmoja. Ziliteketea nyumba nyingi, na mzee mmoja aliyekuwa hawezi kutembea hakutolewa. Yule aliyejenga jiko juu ya ngazi nilimjua vizuri. Alikuwa amempokea mdogo wake na watoto sita kutoka kijijini, wapikie wapi? Alikuwa mmoja wa watu wema zaidi kwenye avenyu ile. Miaka mitatu kabla ya moto tulimsifu kanisani kwa ukarimu wake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia hufungwa na watu wabaya, namwambia hapana. Njia hufungwa na wema kwa walio karibu. Unampenda unayemwona, gharama analipa usiyemwona. Hapo ndipo ugumu wa swali langu ulipo. Wale wa nyumba kumi na moja wanapendana. Wamechanga pamoja, Wakongo, Warundi na familia mbili za Wasudani, jambo ambalo huku kwetu si la kila siku. Umoja wao ni mzuri kuuangalia, na mzigo wa umoja huo tungebebeshwa sisi wa nyuma.

Nilimpelekea swali hili jirani yangu, mzee wa Kisomali aliyesoma sana mambo ya dini kabla ya vita vyao. Akanijibu kwamba wanazuoni wa Kiislamu waliligawa jambo hili zamani sana. Kuna njia inayotokea na njia isiyotokea. Isiyotokea ni mali ya ubia ya wale wenye milango humo, wakikubaliana wote wanaweza kuifanyia wanachotaka, na mmoja peke yake hawezi kufungua mlango mpya bila idhini ya wenzake. Inayotokea ni ya wapitaji wote. Hao huwezi kuwaomba idhini, kwa sababu huwezi kuwakusanya. Wengine wako safarini na wengine hawajazaliwa.

Mimi ni mtu wa kanisa na sitoi fatwa. Lakini jibu lile lilinifungua macho, kwa sababu ndilo swali la Kiswahili chetu cha kawaida. Mgeni akifika mtaani haulizi "njia hii ni ya nani?" Anauliza "njia hii inatokea wapi?" Ikiwa inatokea mahali, imeshakuwa yake kiasi. Wenye nyumba kumi na moja wangekuwa na haki kamili kama njia yao ingeishia kwa mtu wa kumi na moja. Haiishii hapo. Kwa hiyo kuifunga si kutawala kitu chao. Ni kuchukua kitu cha wengi na kukibadilisha, kwa miiba mizigo mitatu, kiwe cha wachache. Kukubaliana kwao wote hakusaidii. Wezi watatu nao hukubaliana.

(Mfano huo wa wezi niliutumia mkutanoni na haukupokelewa vizuri. Nauacha hapa kwa sababu bado ni wa kweli.)

Kijana mmoja alisimama akanijibu: "Mzee, haki gani unayozungumza? Ardhi hii si yetu. Hakuna mwenye hati hapa. Tuko wageni sote, kila mtu ajipange." Wengi walipiga makofi. Ninavyoona mimi, kinyume chake ndio kweli. Mwenye hati akifungiwa njia ana mahakama, ana wakili, ana pesa ya kuzunguka. Sisi ambao hatuna hati, ile njia ndiyo kitu pekee cha ardhi tunachoshika pamoja, na tumekipata kwa miguu yetu, miaka thelathini na zaidi. Mimi nyumba yangu inaweza kuchukuliwa kesho kwa barua moja. Mazoea ya watu mia mbili kupita mahali kila asubuhi ni magumu kidogo kuyachukua.

Sasa yule mama na mlango wake.

Kuna jibu ambalo wapinzani wa geti walilitoa haraka mno, kwamba uzio hauzuii mwizi. Ni kweli kwa kiasi. Mathenge inakatwa kwa panga, na mtaa usiopitiwa na watu hauna macho ya kuona anayeikata. Tena waliokuwepo hapa wakati wa mapigano ya mwaka 2014 kati ya jamii watakuambia maana ya kuwa na upande wa pili wa kukimbilia. Uzio unaomzuia mtu kuingia unamzuia na bibi kutoka. Hayo yote ni ya kweli, na bado hayamjibu. Kwa sababu yeye hakuuliza kama uzio utafanya kazi. Aliuliza nani alimtetea.

Na jibu la swali hilo ni: hakuna. Mwizi alipita kwenye njia ya wote, na wote walikuwa wamelala. Mchana tunasema "njia yetu". Usiku, mlango unapopigwa teke, inakuwa "shida yao wale wa njiani". Huwezi kula pande zote mbili. Ikiwa njia ni ya wapitaji wote, basi na hatari inayopita ndani yake ni ya wapitaji wote. Anayekaa kando ya njia ametupa sisi utulivu wake. Anasikia kikohozi chetu saa kumi alfajiri, vumbi letu linaingia kwenye ugali wake, watoto wetu wanampigia kelele dirishani, na mwizi wetu wa pamoja anaanza na mlango wake kwa sababu ndio wa kwanza. Hiyo ni kodi anayolipa kwa niaba yetu na hatujawahi kumrudishia hata shilingi. Kukataa geti bila kulipa ni kumwambia mjane aendelee kuwa geti letu sisi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Hawana haki ya kufunga. Na sisi hatuna haki ya kuwakatalia mpaka tuwe tumebeba sehemu yetu, kwa mwili, usiku, kwa zamu. Watu wawili kila usiku kutoka kaya za nyuma, na taa ya sola pale kwenye kona, tuichangie sisi, siyo wao. Niliandika karatasi ya zamu nikaibandika karibu na bomba. Nilichukua Jumanne. Kaya za nyuma zinazopita hapo ni ishirini na sita. Mpaka ninapoandika haya, zilizoandika majina ni tano. Ukiniuliza ni hoja gani yenye nguvu zaidi upande wa geti, nitakuonyesha karatasi hiyo.

Msomaji wa Kalobeyei anaweza kuwa anatabasamu. Kule shirika la UN-Habitat lilichora mpango wa mji, vijiji vitatu, barabara pana zilizonyooka, nafasi za soko na shule zikawekwa mapema, Waturkana na wakimbizi wakaulizwa maoni. Njia zinakutana nne nne kama kwenye daftari la hesabu. Nimekwenda, nimezipenda. Lakini njia pana bila kivuli, saa saba mchana, na duka liko kilomita mbili, nayo ni namna ya kufungiwa. Rafiki yangu wa Kijiji cha 3 ananiambia anamwona mtu anayekuja kumtembelea robo saa kabla hajafika. Kila kitu kimeunganishwa na kila kitu kiko mbali. Ndiyo maana boda wanapata riziki kule.

Na mstari ulionyooka si lazima uwe rafiki wa maskini. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi Katanga, kwenye kambi za wafanyakazi za Union Minière, nyumba zimepangwa safu kwa safu. Alisema msimamizi akisimama kichwani mwa safu aliweza kuona nani ametoka kazini mapema na nani ana mgeni. Njia inayotokea hurahisisha na kupita kwa anayekuhesabu. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nasema kila njia ifunguliwe na dunia itapona. Nasema tu kwamba ikifungwa, anayefunga ana deni la maelezo kwa watu ambao hawako mkutanoni. Anayefungua naye ana deni, kwa watu walio mlangoni.

Kuna watu wengine ambao hawakuwa mkutanoni, na hao wananisumbua zaidi. Kabla ya mwaka 1992 hapa palikuwa na njia. Waturkana walipitisha mbuzi na ngamia wao kwenda kwenye maji na malisho, na njia ya mifugo haina kibao wala lami, ukijenga juu yake unaweza kuapa kwamba palikuwa patupu. Mpaka leo alfajiri mbuzi hujaribu kupita katikati ya bloki zetu, na tunawafukuza kwa mawe. Yule mchungaji, mara nyingi mtoto, anazunguka. Dakika kumi na tano zangu kwake zinaweza kuwa nusu siku. Mzee mmoja wa Kiturkana, ambaye mke wangu hununua kuni na makaa kwake, nilimweleza ugomvi wetu wa geti. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza kwa Kiswahili chake kifupi: "Sasa nyinyi mnajua vile inauma?"

Sikuwa na la kumwambia, na bado sina jibu kamili. Sisi hatukuchagua mahali pa kuwekwa. Hilo ni kweli, na halimwongezei maji ngamia wake. Ikiwa haki ya njia hutokana na miguu ya miaka mingi, kama nilivyomjibu yule kijana, basi kuna miguu iliyotutangulia hapa kwa muda mrefu kuliko yetu. Lakini angalau nimeacha kutupa mawe, na nimewaambia watoto wangu hivyo hivyo.

Bado kuna njia moja kubwa ambayo sijaitaja, na wewe msomaji umeshaifikiria. Barabara kuu ya kutoka Lodwar kwenda Lokichoggio inapita hapa hapa. Ni njia inayotokea kuliko zote, upande mmoja Nairobi, upande wa pili Sudan Kusini. Mabasi yanapita nayaona. Lakini mkimbizi bila pasi ya kusafiri hafiki mbali, atateremshwa kwenye kizuizi. Kwa hiyo lami ile ile kwa abiria mmoja inatokea na kwa mwingine haitokei, wakiwa wamekaa kiti kimoja. Wale watafiti hawawezi kuipima hiyo kwa ramani. Ukihesabu kwa kipimo chao, Kakuma imeunganishwa. Ukihesabu kwa pasi, sote 300,000 tunaishi kwenye njia ya mlango mmoja, na ufunguo wake anao mtu ambaye hakutuuliza. Sababu aliyotoa ni ile ile ya watu wa nyumba kumi na moja: usalama. Sisemi hana hofu ya kweli. Nasema hakuwahi kuja kuandika jina lake kwenye zamu.

Ndiyo maana nilishangaa, kwenye mkutano wetu, kuona watu ambao wameomba pasi mara tatu wakanyimwa wakipiga makofi kwa ajili ya geti. Au labda nisishangae. Mtu aliyefungiwa muda mrefu hujifunza kwamba kufunga ndiyo kazi ya mwenye mamlaka, na siku akipata mamlaka kidogo, hata ya mabati mawili, anajua la kufanya nayo.

Mwaka 2025 Kakuma na Kalobeyei zilipewa hadhi ya manispaa. Manispaa ina ramani, na kwenye ramani kilicho wazi huitwa barabara, kilichozibwa huitwa kiwanja. Siku moja atakuja mtu na vyombo vyake vya kupimia, atapita bloki kwa bloki, na atachora anachokikuta. Hataelezwa kwamba pale kwenye miiba palikuwa na njia, na kwamba ilizibwa kwa sababu ya mlango wa mama mmoja na karatasi iliyokosa majina ishirini na moja.

Mkutano mwingine ni Jumamosi, baada ya mgao. Nimemwomba mwenyekiti wa bloki aanze na suala la zamu, ndipo aje kwenye geti. Amesema atafikiria, inategemea watu wa nyuma watakuja wangapi.